Noela Havui Viatu

Siku ardhi ya kitongoji cha Mwabuluda ilipotitia, Nyamizi alikuwa kisimani. Alisikia mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe, akageuka, akaona vumbi jekundu likipanda pale alipoacha nyumba yake, banda la kuku na magunia ya mpunga wa msimu uliopita. Alitupa ndoo akakimbia. Alipofika hakukuta nyumba. Palikuwa na shimo lenye kingo zilizokuwa bado zinamomonyoka, na ndani yake mabati ya watu saba yamelaliana kama karata.

Wachimbaji walikuwa wamefuata mwamba wa dhahabu chini kwa chini kwa miaka, bila kujali nani anaishi juu. Bahati ni kwamba ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, watu wako mashambani na watoto wako shuleni. Alikufa mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa kitandani. Jioni yake serikali ikazungushia utepe kitongoji kizima na kusema asirudi mtu pale, hata kuchukua kijiko.

Familia zikapelekwa kwenye ghala la zamani la ushirika wa pamba, pembezoni mwa mji wa Masumbwe. Lilikuwa jengo refu la bati, lenye popo juu na vumbi la pamba bado limenata kwenye kuta. Watu waligawana sakafu kwa khanga na maturubai yaliyoning'inizwa kwenye kamba. Nyamizi alipata kona karibu na mlango, yeye na binti yake Noela aliyekuwa darasa la sita. Mumewe, Kalisti, alikuwa amekwenda kuchimba Chunya, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu Pasaka. Hakujua kwamba hana nyumba tena.

Huko ghalani ndiko Nyamizi alikokutana na Euphrasia.

Euphrasia alikuwa mzaliwa wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Alisomea ualimu, akakosa ajira, akaajiriwa na shirika dogo la misaada lililoitwa Mwanzo Mwema, ofisi yake Mwanza. Alitumwa Masumbwe kusimamia mradi wa uji shuleni. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alivaa mabuti ya mpira hata siku ya jua kali kwa sababu, alisema, ghalani kuna nge.

Mpango wa awali ulikuwa uji upikwe ghalani kwa ajili ya watoto waliohamishwa tu. Euphrasia alikataa. Alimpigia meneja wake, Davis, akamwambia, "Ukiwapikia huku peke yao, hawataenda shule. Na wakienda, wenzao watawachukia. Tupikie shuleni, wanywe wote."

"Bajeti ni ya waathirika, Euphrasia."

"Basi tutaongeza maji."

Davis alicheka, akakubali. Ikawa kila siku wakati wa mapumziko sufuria mbili kubwa zinachemka nyuma ya darasa la kwanza, na watoto wa pale pamoja na watoto wa ghalani wanapanga foleni moja wameshika vikombe.

Lakini foleni moja haikufunga midomo ya watu. Watoto wa ghalani waliitwa "watoto wa shimo." Noela aliitwa hivyo kuliko wote, kwa sababu alikuwa mrefu na kwa sababu alikuwa akienda shule amevaa dera la mama yake lililokatwa na kufungwa kiunoni kwa kamba, miguu peku. Sare na viatu vyake vilibaki chini ya ardhi. Siku moja wakati wa kusoma kwa sauti msichana mmoja alisema, "Mwalimu, mtoto wa shimo ananuka popo," na darasa likacheka. Kesho yake Noela hakutoka ghalani. Wala keshokutwa.

Euphrasia alimfuata.

"Shikamoo madam," Noela alisema, bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Mbona huji kunywa uji?"

"Sina njaa."

"Na kusoma je?"

Noela alijifunika khanga uso mzima. Nyamizi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, ndiye aliyejibu. "Atarudi, madam. Nipe siku chache."

Kesho yake Nyamizi alifunga nyundo kwenye kitenge akaenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu iliyokuwa ikinguruma ng'ambo ya barabara. Wanawake walikaa pale juani wakiponda mawe makubwa yawe madogo kabla ya kuingizwa mashineni. Aliponda mpaka vidole vikafura. Vumbi lilimfanya akohoe usiku. Alipopata cha kutosha alikwenda gulioni akanunua sare ya mtumba, akaipunguza mwenyewe kwa sindano, na akanunua viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba. Vilikuwa vikubwa kidogo. Alijaza vitambaa mbele, penye vidole.

Noela alivivaa akatembea kutoka mlango wa ghala hadi ukuta wa mwisho, kati ya mapazia ya watu, na watu wakatoa vichwa kumwangalia. "Wabeja, mayu," alimshukuru mama yake kwa Kisukuma. Jumatatu alirudi darasani. Yule msichana aliyemcheka alipomtazama miguuni, Noela alimtazama na yeye hadi akageukia ubaoni.

Mambo yalikuwa yametulia hivyo Davis alipopiga simu kusema mgeni anakuja.

Mgeni huyo aliitwa Bi Margit, kutoka Ulaya, na mfuko wake ndio uliolipia uji. Alikuwa akizunguka kuona miradi. Angelala Geita, mtaa wa Kalangalala, kisha asubuhi aje Masumbwe kugawa mikoba na viatu kwa watoto, na zipigwe picha za kwenda nazo kwao. "Akipendezwa, anaongeza miaka miwili," Davis alisema. "Waandae."

Euphrasia alipeleka habari ghalani, na ghala likachangamka kama kuna harusi. Akina mama walifua. Waliwasugua watoto kwa gunzi mpaka wakang'aa. Mtu mmoja alikuwa na pasi ya mkaa, ikazunguka kutoka pazia hadi pazia mpaka mkaa ukaisha. Nyamizi alimsuka Noela mistari myembamba, akavipaka viatu vyake rangi. "Mgeni anakuja kutuona," aliwaambia wenzake. "Atuone."

Asubuhi watoto wa ghalani walipanga mistari uwanjani shuleni. Gari la shirika lilifika kwanza. Davis alishuka, na nyuma yake Adam, mpiga picha, na maboksi ya mikoba. Davis alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, anayejua kusalimia watu. Aliwasalimia walimu, akamsalimia mwalimu mkuu, Mwalimu Maduhu, kisha akawaangalia watoto, na tabasamu likamfifia taratibu.

"Euphrasia. Njoo kidogo." Alimvuta pembeni ya gari. "Hawa ndio waathirika?"

"Ndio wao, bosi."

"Mbona wako hivi?"

"Hivi vipi?"

"Wamependeza. Wana sare. Yule pale ana viatu vizuri kuliko vyangu." Alishusha sauti. "Sikiliza. Huyu mama ametoka mbali kuleta viatu. Akikuta watoto wana viatu, ataniuliza msaada ni wa nini. Waambie wavue. Masweta pia. Wale wenye nguo za nyumbani wakae mbele. Na yule msichana mrefu, mweke asimulie nyumba ilivyozama. Akilia ni vizuri zaidi."

Euphrasia alimtazama akidhani anatania. "Bosi, wazazi wao wameponda mawe kupata hivyo viatu."

"Najua. Na mimi nimekulia kwenye shida, usinifundishe. Nimeomba misaada miaka mingi. Najua kinachofanya mtu afungue mkoba wake, na sio mtoto aliyepigwa pasi." Hakuwa akisema kwa ukali. Alikuwa akisema kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko. "Ni dakika kumi tu. Wakimaliza picha wanavaa vipya. Nani amepoteza nini?"

"Mimi siwezi kuwaambia hivyo."

"Basi nitawaambia mwenyewe."

Aliwaendea watoto, akapiga makofi, akasema kwa sauti ya furaha, "Haya wanangu! Leo mnapata viatu vipya! Kwa hiyo wote wenye viatu, vueni, wekeni pale nyuma ya gari. Masweta nayo, vueni. Haraka haraka, mgeni yuko njiani!"

Watoto wadogo walianza kuvua. Wakubwa wakaangaliana. Akina mama, waliokuwa wamesimama kando ya uzio wa minyaa, hawakuelewa mara moja. Waliona tu watoto waliowavalisha alfajiri wanavuliwa. Noela aliinama akashika kamba za kiatu, kisha akamtafuta mama yake kwa macho.

Nyamizi alivuka uwanja. Hakukimbia. Alifika akasimama kati ya binti yake na Davis.

"Noela, simama wima."

Noela akasimama.

"Mama, ni kwa ajili ya picha tu," Davis alisema. "Tunawapa vingine."

"Nimesikia. Noela havui viatu."

"Mama, nakuomba. Unaharibu mpango wa wengi."

"Baba," Nyamizi alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya dagaa, "ardhi ilichukua nyumba yangu na kila kilichokuwemo, haikuniomba ruhusa. Wewe umeniomba. Kwa hiyo nakujibu: hapana. Mtoto wangu ataonekana kama alivyo. Kama huyo mgeni hawezi kumsaidia mtoto aliyevaa viatu, arudi na vyake."

Akina mama wengine wakaanza kuvuka uwanja nyuma yake. Mmoja alimwinamia mwanawe akamfunga tena kamba. Mwingine akarudisha sweta kichwani kwa mtoto aliyekuwa tayari anatetemeka kwa upepo wa asubuhi. Adam alishusha kamera ikaning'inia kifuani, akaanza kuchunguza lenzi kama kuna kitu kimeingia.

"Euphrasia!" Davis aliita. "Zungumza na watu wako!"

Euphrasia alifikiria kodi ya chumba, na mama yake Serafina kule Ngokolo aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ana kazi ya shirika. Kisha alienda akasimama karibu na Nyamizi.

"Wameshazungumza, bosi," alisema.

Wakati huohuo gari la pili likaingia getini.

Bi Margit alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi fupi na kofia ya jua. Alishuka akitabasamu, akanyoosha mkono kwa kila mtu. Hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Davis alirekebisha shati, akageuka mchangamfu upya, akaanza kumwelezea kwa Kiingereza habari za shimo na ghala. Mgeni alisikiliza, kisha akasema angependa kumsikia mzazi mmoja. Kabla Davis hajachagua, Nyamizi alikuwa ameshasogea.

"Mwangaluka," alimwamkia kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo, kama anavyomwamkia mtu yeyote aliyemzidi umri. Kisha akasimama, akaongea Kiswahili taratibu ili Davis, aliyekuwa akitafsiri, asipotee.

"Mwambie karibu sana. Mwambie sisi hatukuzaliwa ghalani. Tulikuwa na nyumba, na majaruba ya mpunga, na ng'ombe wachache. Aliyechimba chini ya nyumba zetu ana leseni, jina lake linajulikana, na hatujasikia akiulizwa. Uji tunaushukuru, watoto wanasoma kwa sababu ya uji. Lakini tunachotaka hasa ni viwanja, tujenge wenyewe, mikono tunayo. Na mwambie kwamba sasa hivi, kabla hajafika, watoto wetu walikuwa wanavuliwa viatu ili yeye awaonee huruma."

Davis alimgeukia mgeni akasema kwa Kiingereza, bila kusita, "Anasema amefurahi sana kukuona. Anasema hali ni mbaya mno, watoto wanakwenda shule peku na wanalala njaa, na wanakuomba usiwaache."

Bi Margit alitikisa kichwa kwa huzuni. Kisha macho yake yakashuka, kama ambavyo macho ya mtu yeyote yangeshuka, kwenye miguu ya Noela. Viatu vilikuwa vinang'aa. Akaangalia miguu ya mtoto wa pili, na wa tatu. Paji lake la uso likajikunja.

"Hakusema hivyo," Euphrasia alisema kwa Kiingereza.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka walimu waliokuwa mlangoni mwa ofisi wakageuka.

"Euphrasia, nyamaza," Davis alimwambia kwa Kiswahili.

"Hakusema hivyo, Bi Margit. Nitakwambia alichosema." Akakisema chote, sentensi kwa sentensi, nyumba, majaruba, leseni, viwanja. Alipofika kwenye viatu, akavisema navyo. Mwishoni akageuka kwa Nyamizi akamwambia kwa Kiswahili, "Nimemwambia vyote, Mama Noela." Nyamizi aliitikia kwa kichwa.

Mgeni alimuuliza Davis kama ni kweli. Davis alisema kumetokea kutoelewana, akina mama wa vijijini, lugha, unajua. Mgeni akamtazama Adam. Adam akaangalia chini. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akauliza viatu vipya viko wapi.

Pengine msomaji anategemea kwamba Bi Margit aliwakumbatia akina mama na kuwajengea nyumba. Haikuwa hivyo. Uso ulimwiva, akasema mambo haya yatazungumzwa ofisini, akampa Nyamizi mkono wa kwaheri, akaingia kwenye gari. Davis aliamuru maboksi yarudishwe. Watoto wakatazama mikoba yao ikipakiwa.

"Umeridhika?" alimuuliza Euphrasia kabla ya kufunga mlango. "Watoto wanakosa chakula kwa ajili ya kiburi cha mtu mmoja. Nenda kalale na hilo."

Simu ilikuja siku mbili baadaye. Mkataba wa Euphrasia umesitishwa, na uji mwisho Ijumaa.

Ghalani habari hiyo haikupokelewa na watu wote kwa makofi. Violeth, mama wa mapacha wa darasa la pili, alisimama mbele ya pazia la Nyamizi mikono kiunoni. "Viatu vya mwanao vimetunyima uji. Wangu hawana hata ndala, ungemwacha wako avue, ungekufa? Sasa kula hiyo heshima yako."

"Wako ndio wangevalishwa vipya leo, kisha mwakani wangevuliwa tena kwa picha nyingine," Nyamizi alisema.

"Mwakani ni mwakani! Mimi nazungumza kesho!"

Violeth alifunga vitu vyake wiki ileile akaenda kwa dada yake Kahama na mapacha wake, na hawakuagana. Jambo hilo lilimuuma Nyamizi kuliko yote aliyoambiwa na Davis. Usiku wa ugomvi ule Noela alimwambia, "Mama, ningevua tu. Ilikuwa dakika kumi."

"Ungevua," Nyamizi alisema, "halafu ukiwa mkubwa mtu akikwambia vua, ungekataaje?"

Noela aligeukia ukutani. Akalala.

Jumamosi dereva wa shirika alikuja kuchukua sufuria. Alikuta mwalimu mkuu amesimama mlangoni mwa stoo. Mwalimu Maduhu hakuwa mtu wa makeke. Siku ile ya mgeni alikuwa amesimama mbali akijifanya anasoma ratiba, na tangu hapo walimu wenzake walikuwa hawamtazami usoni.

"Sufuria hizi zilikabidhiwa kwa shule mbele ya kamati," alimwambia dereva.

"Mwalimu, mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nakutuma. Mwambie meneja aje azichukue mwenyewe, mchana, wazazi wakiwepo."

Davis hakuja.

Kwa hiyo sufuria zilikuwepo, na unga haukuwepo. Mwalimu Maduhu akaitisha mkutano wa wazazi. Euphrasia alihudhuria, ingawa hakuwa tena mtumishi wa mtu. Mama yake alikuwa amempigia simu akimtaka arudi nyumbani, naye alisema, "Nitarudi, mama, nikimaliza," bila kujua anamaliza nini.

Mkutanoni alisimama Enock, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu mwenye tumbo na neno. "Tusidanganyane," alisema. "Uji uliletwa na hawa wa shimo, na umeondoka kwa sababu ya hawa wa shimo. Wakitaka watoto wao wanywe, wapike wao. Mimi mwanangu anakula nyumbani."

Watu wengine walinung'unika kumuunga mkono. Nyamizi akanyoosha mkono, akapewa nafasi.

"Sawa, baba. Tutapika sisi. Jumatatu tunaanza. Na mwanao akija na kikombe, nitamjazia, kwa sababu hapa shuleni mimi sijui mtoto wa shimo ni nani na mtoto wa juu ni nani. Kama hutaki anywe, mfunge kamba nyumbani."

Watu wakaangua kicheko, na Enock akakaa.

Walianza kweli. Wanawake wa ghalani waliokuwa wakienda kwenye karasha walitoa mahindi kidogo kidogo, mmoja akaleta karanga, mwingine kuni. Uji wa Jumatatu ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Euphrasia alikoroga kwa mwiko mrefu, jasho likimtoka ndani ya mabuti yake, na Nyamizi akagawa. Hakukuwa na sukari. Watoto walikunja nyuso wakanywa. Mtoto wa Enock alikuja na kikombe kikubwa cha bati, akamwangalia Nyamizi kwa wasiwasi. Akajaziwa mpaka juu.

Jumanne hivyohivyo. Jumatano mama mmoja mwenyeji wa pale, ambaye hakuwahi kuwasalimia, aliweka kidumu cha maziwa mlangoni mwa jiko akaondoka bila kusema kitu. Alhamisi uji haukutosha, na watoto wa madarasa ya juu wakaachia wadogo. Ijumaa Enock alikuja na pikipiki, nyuma amefunga gunia la unga.

"Msifikiri mmenishinda," alisema.

"Weka pale pembeni, baba," Nyamizi alimwambia. "Na ukija tena, leta uliokobolewa vizuri. Huu una pumba."

Enock akaweka gunia pale alipoonyeshwa. Tangu siku hiyo kila familia ikapangiwa zamu, ya ghalani na ya wenyeji, na asiyekuwa na unga alileta kuni au maji. Euphrasia alisimamia jiko hilo hadi shule zilipofungwa. Wazazi walimlipia chumba, wakamlisha. Msimu ule alikonda, lakini jikoni alikuwa akiimba.

Akina mama walikuwa sasa wamezoea kusimama pamoja, na hawakuona kwa nini waishie kwenye uji. Walianza kwenda ofisi za wilaya kuulizia viwanja. Waliambiwa waandike barua, wakaandika. Waliambiwa mhusika yuko safarini, wakakaa barazani na watoto wao wakamsubiri mpaka mlinzi akawazoea na kuwaletea mabenchi. Ofisa mmoja kijana aliwauliza, "Ninyi nani amewachochea?" Nyamizi akamwambia, "Mvua. Bati la ghala linavuja."

Habari za Bi Margit zilikuja kwa mzunguko. Euphrasia alisikia kutoka kwa Adam, aliyempigia simu kumsalimia, kwamba mama yule alisimamisha fedha za Mwanzo Mwema ili achunguze, na Davis akahamia shirika jingine, Kigoma, kwa mshahara mkubwa zaidi. Euphrasia alicheka mpaka akakaa chini. Mwenye leseni aliyechimba chini ya Mwabuluda hakuitwa mahali popote, na mpaka leo anachimba.

Viwanja walipewa mwishoni mwa kiangazi. Vilikuwa vidogo kuliko walivyoomba, kwenye mteremko wenye mawe, mbali na maji. Wengine walisema wavikatae. Walibishana siku nzima. Mwishowe wakavichukua, na wakaandika kwamba wanavichukua lakini hawajaridhika, wote wakaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Kipindi hicho Euphrasia alikuwa amepata kazi ya kufundisha shule moja ya binafsi Geita mjini. Mvua za kwanza ziliponyesha alimpigia Nyamizi simu jioni. Upande wa pili alisikia watu wakipiga kelele na bati likigongana.

"Mama Noela, mko salama? Huku kumenyesha vibaya."

"Tuko salama. Ila ukuta wa magharibi wa nyumba tunayojenga umeanguka. Matofali yalikuwa hayajakauka."

"Pole, jamani. Ukuta wote?"

"Wote. Umelalia jiko." Nyamizi alimfokea mtu asivute turubai upande huo, kisha akarudi kwenye simu, akihema. "Noela na wenzake wanakanyaga tope la matofali mapya sasa hivi, mvua ikiwa bado inanyesha. Nimewaambia wasubiri, hawasikii. Kesho tunaanza upande wa mlango."

"Jumamosi nakuja," Euphrasia alisema.

"Njoo na jembe. La huku limevunjika mpini."